Ruta ya Siwema na Kiti cha Mbele

Haikuwa zamani, na hakukuwa na mfalme. Ilikuwa juzijuzi tu, katika nchi ambayo jina lake silitaji, kwa sababu wenyewe wakilitaja ni lazima wasimame, wavue kofia, na wamtaje na Mkuu wa Nchi kwa vyeo vyake vyote, na kwa mwendo huo hadithi isingeanza leo.

Nchi hiyo, yenye amani kupita kiasi, ilikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani yake. Waligombea Bonde la Michikichi. Vilifikiriwa vita, lakini jeshi la jirani halikuwa na viatu, na jeshi la huku lilikuwa lote kwenye mazoezi ya gwaride la siku ya kuzaliwa Mkuu wa Nchi. Mawaziri wa pande mbili wakakutana hotelini, wakala wakashiba, wakatoka na busara: vita vipiganwe kwenye gemu. Kila nchi itoe mchezaji mmoja, acheze kutoka nyumbani kwake kupitia intaneti, na atakayeshinda nchi yake ichukue bonde. Watu wa upande ulioshindwa wafungashe virago wahame. Wajumbe walipiga makofi kwa moyo mmoja, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nyumba bondeni.

Aliyekuwa na nyumba bondeni ni Bi Mboja, mama yake Siwema. Nyumba hiyo alijengewa na marehemu mumewe, na mumewe mwenyewe alizikwa nyuma yake, chini ya michikichi aliyoipanda kwa mkono wake.

Siwema alikuwa mtunza maktaba ya wilaya. Maktaba ile ilizinduliwa kwa shangwe, ila vitabu vyake bado vilikuwa njiani, na kazi hiyo ilimpa nafasi ya kutosha ya kuwa mchezaji bora wa gemu nchini. Gemu lenyewe liliitwa Ngao. Wachezaji wawili, kila mmoja na ngome yake, wanarushiana mishale. Mshale ukitoka kule unainua ngao huku. Ukichelewa kufumba na kufumbua, ukuta wako unabomoka. Si gemu la nguvu wala la hekima. Ni gemu la kuwahi.

Kwa hiyo Siwema alikuwa ameitengeneza nyumba yake kwa kuwahi. Kile kisanduku cha intaneti, ruta, alikiweka juu ya rafu, peupe, pasipo na kitu cha kukiziba. Kompyuta yake hakuiunganisha kwa waifai bali kwa waya uliotoka kwenye ruta moja kwa moja, maana mawimbi ya hewani hugongana na kuta na kupotea njiani. Akitaka kucheza, alizima televisheni, akazima simu, akazima kila kilichokuwa kikinyonya intaneti. Basi mshale ukitoka, ngao imeshainuka. Alipoambiwa amechaguliwa kuipigania nchi, aliiomba serikali jambo moja tu: wamwache kama alivyo.

Serikali ilizingatia ombi hilo kwa uzito wake, ikaunda kamati.

*

Kamati ya Taifa ya Kuharakisha Nyumba ya Siwema ilifika kwa magari yenye bendera. Iliongozwa na Waziri wa Kasi, Mheshimiwa Shindano Makukula, mtu aliyechelewa kila mahali ili wananchi wapate nafasi ya kumsubiri. Nyuma yake alikuja mkewe. Nyuma ya mkewe alikuja Bwana Leonsi Mkupasi, Mkurugenzi wa Itifaki, mwembamba ndani ya suti nyeusi, ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani anakaa wapi, nani anaingia kabla ya nani, na nani asiingie kabisa. Mwisho wa msafara alikuja Injinia Hidaya Kisonga, aliyesomea mambo ya mitandao na ambaye kwa sababu hiyo hakupewa kiti.

"Hodi humu!" alisema Waziri akiwa ameshaketi.

"Karibuni, Mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Kumbe ndiyo hii?" Aliikazia macho ruta. "Kadogo hivi? Na kanabeba taifa?"

Mkupasi hakuwa akiitazama ruta. Alikuwa akiitazama picha ya Mkuu wa Nchi, ambayo kwa sheria hutundikwa sebuleni kwa kila raia, kisha rafu, kisha picha tena. Uso ulimsawijika.

"Dada Siwema," alisema kwa sauti ya msibani, "kisanduku kiko juu ya Mkuu wa Nchi."

"Si juu yake, baba. Kiko ukuta mwingine."

"Nazungumzia kimo." Alitoa futi ya fundi cherehani mfukoni, akapima, akapima tena. "Kimemzidi kimo."

Ruta ikashushwa. Kwanza iliwekwa mezani, lakini mezani ilionekana inamkodolea Mkuu wa Nchi huku antena zake zimesimama, jambo ambalo Mkupasi aliliita kiburi. Ikaingizwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya masufuria na birika, antena zikalazwa. Mke wa Waziri akaifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kwa kuwa kitu cha taifa hakikai uchi. Siwema alikiona kitambaa kikishuka, akataka kukiondoa. Lakini alilelewa akaleleka. Mgeni akikupa zawadi, unashukuru. Akashukuru.

"Tusihangaike na kabati, Mheshimiwa," alisema Injinia Hidaya kutoka mlangoni. "Mchezaji anatumia waya, hayo hayatamdhuru sana. Jambo kubwa ni foleni. Vifaa vyote vya nyumba hii vinatokea mlango mmoja. Tunaweza kuiambia ruta kifaa kipi kitangulie. Tuseme kompyuta ya Siwema itangulie, wengine wafuate. Basi, kazi imekwisha."

Mkupasi aliweka kikombe chini polepole.

"Imtangulie nani?"

"Iwatangulie wote, mkurugenzi."

"Pamoja na simu ya Mheshimiwa Waziri?"

"Ndiyo."

"Mheshimiwa Waziri akiwa humu ndani? Ameketi?"

Waziri alijitazama kama kweli ameketi, akaona ni kweli, akakunja uso. Injinia Hidaya akarudi nyuma hatua moja.

Hapo ndipo Mkupasi alipofanya kazi ya maisha yake. Foleni ya ruta, alisema, ni hafla kama hafla nyingine, na hafla ina mpangilio wa viti. Kiti cha mbele kabisa ni cha Mkuu wa Nchi.

"Kwani atakuja?" aliuliza Siwema.

"Hatakuja. Hajapata kwenda popote. Lakini amealikwa."

Msomaji wa nchi nyingine huenda asielewe. Katika nchi ile kila shughuli, iwe harusi, maziko au ufunguzi wa choo cha soko, ilitengewa kiti cha mbele kilichovikwa kitambaa cheupe, na kiti hicho hakikukaliwa. Wazee walisimama juani, wajawazito walikaa chini, na kiti kilibaki kitupu mpaka watu walipotawanyika. Hakuna aliyeshangaa. Kwa hiyo nusu nzima ya njia ya intaneti ilitengwa kwa simu ya Mkuu wa Nchi, na ruta ikapewa maagizo kwamba kila kitu kinachotaka kutoka, kabla hakijatoka, kiulize kwanza kama Mkuu wa Nchi amefika, na kikijibiwa kwamba hajafika, kimsubiri kidogo kwa heshima. Baada yake akafuata Waziri, mke wa Waziri, wajumbe wa kamati, wakuu wa bendi ya polisi, na waandishi wa habari waliokuja na Waziri.

"Na mimi?" aliuliza Siwema.

Mkupasi alishusha kidole kwenye orodha mpaka chini kabisa. "Upo. Hapa. Mabibi na mabwana."

"Bwana Mkupasi, mimi ndiye ninayecheza."

"Na bibi harusi ndiye anayeolewa, dada yangu. Umepata kumwona akiingia ukumbini kabla ya wageni?"

*

Siku iliyofuata Siwema alijaribu kucheza. Mshale ulitoka kwa mpinzani wa mazoezi, akabonyeza, na ngao ikatulia tuli. Mshale ukaja, ukagonga, ukuta ukaporomoka, na hapo ndipo ngao ilipoinuka kwa madaha, ikakinga upepo. Alijaribu tena na tena. Hakuwa amepata kuogopa gemu maishani mwake, na sasa aliogopa.

Alimwendea Waziri ofisini. Waziri alisikiliza, akapiga meza.

"Kasi haitoshi? Iongezwe! Wamletee laini kubwa, kubwa kuliko ya benki!"

"Mheshimiwa," alisema Injinia Hidaya, "upana wa bomba si tatizo. Maji yanachelewa mlangoni, na mlangoni tumeweka..." Mkupasi alimtazama, naye akaimaliza sentensi kwa kikohozi.

Barabara ya mtaani ikachimbwa, laini kubwa ikaingia, ikazinduliwa kwa keki. Nusu ya laini kubwa ikawa ya Mkuu wa Nchi, kama ilivyostahili. Kila mshale ukaendelea kuuliza kama amefika, na kila mshale ukajibiwa kwamba hajafika. Waziri alitangaza redioni kwamba nyumba ya Siwema sasa ndiyo nyumba yenye kasi kuliko zote barani, na Siwema aliisikia habari hiyo akiwa ameketi mbele ya ngome iliyobomoka.

Simu ya mama yake iliingia mchana ule.

"Mwanangu, huku watu wameanza kuuza kuku," alisema Bi Mboja. "Wanauza bei ya kutupa. Wanasema heri pesa kuliko kukimbia na matenga."

"Na wewe, mama?"

"Mimi niuze kuku wangu kwa lipi? Nimewaambia, binti yangu hajapata kushindwa. Na baba yako hapa, nitambeba na nini?" Alicheka kidogo, kisha hakucheka. "Siwema. Mambo yanakwenda?"

"Yanakwenda, mama," alisema, na uongo huo ulimkaa kifuani siku nzima.

*

Siku ya mechi mtaa ulifungwa. Mahema yalisimamishwa, bendi ya polisi ikapiga, na sebule ya Siwema ikajaa wageni waalikwa mpaka yeye akaingia chumbani mwake kwa kuomba radhi. Uani kilikuwapo kiti cha mbele, kimevikwa kitambaa cheupe, askari wawili wakikilinda. Mshereheshaji alishika kipaza sauti.

"Itifaki imezingatiwa! Ndugu wananchi, msione haya, intaneti ipo ya kumwaga! Paswedi ni heshima, herufi ndogo zote!"

Mahema yote yakainamia simu. Walioalikwa waliingia, wasioalikwa waliingia, na mtaa wa pili ukaingia kupitia dirishani. Siwema alitaka kutoka awaombe wazime, lakini unamwambiaje mgeni azime? Alikaa, akafuta viganja kwenye kanga.

Mpinzani alijiita Radi. Mechi ilikuwa ya mizunguko mitatu, mwenye miwili ndiye mshindi.

Mzunguko wa kwanza haukuwa mchezo, ulikuwa mazishi. Mishale ya Radi ilifika, ngao za Siwema zilifuata baadaye kama Waziri mwenyewe. Ngome ilianguka. Uani watu walishangilia kwa nguvu, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza ngome yetu ni ipi.

Mzunguko wa pili Siwema aliacha kuutazama mshale. Ukiusubiri utoke, umekwisha. Alimtazama Radi mwenyewe, namna anavyorudia mkono wa kushoto, namna anavyotulia kabla ya kurusha kulia, akaanza kuinua ngao kabla mshale haujakuwapo. Alikinga kwa kubahatisha, alikosea, akabahatisha tena. Jasho lilimwingia machoni na hakulifuta. Alipobakiwa na ukuta mmoja, mshale wake uliokuwa umeomba ruhusa tangu muda ule ulitoka, ukamkuta Radi anajipanga upya, ukamwangusha.

Sasa ni mzunguko mmoja kwa mmoja. Radi si mjinga. Hatarudia mkono tena.

Ikatangazwa mapumziko ili Waziri ahutubie. "Kasi," alisema Waziri uani, "ni jambo ambalo hatupaswi kuliharakisha." Watu wakapiga makofi. Injinia Hidaya alikuwa chumbani, amechuchumaa mbele ya kompyuta ndogo ya kamati.

"Injinia," alisema Siwema, "kile kiti cha Mkuu, ndani ya ruta. Kina mtu?"

"Hakina."

"Na hatakuja?"

"Mungu apishie mbali."

"Basi niketishe mimi."

Hidaya aliutazama mlango. "Siwema, kuna mtu aliketi kwenye kiti kile uwanjani, mzee wa watu, miguu ilimchoka. Mpaka leo hajarudi kwake."

"Mama yangu hana pengine pa kwenda."

Injinia aliivuta kompyuta ndogo karibu. Kisha akafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, akaingiza nywila, akainuka, akanyoosha gauni lake. "Mimi nakwenda kunywa chai," alisema. "Chai ya leo ni ya moto sana. Nitachelewa."

Siwema aliketi. Aliifuta kompyuta yake kutoka kwa mabibi na mabwana, akapanda juu, akawapita wakuu wa bendi, akampita mke wa Waziri, akampita Waziri, akaiandika kwenye mstari wa kwanza, mahali pa simu ya Mkuu wa Nchi. Kidole kilisita. Akabonyeza.

Ruta ilizima taa zote ili ijipange upya. Uani ukapigwa ukelele. Matangazo ya hotuba ya Waziri yaliganda kwenye simu, kinywa wazi. "Mtandao umekata!" Siwema alisikia viatu vya Mkupasi vikivuka sebule, mlango wa kabati ukilia, kitambaa kikiinuliwa. Hakupumua. Kisha, taa moja baada ya nyingine, kisanduku kikawaka, na mzunguko wa tatu ukafunguka.

Mshale ulitoka kwa Radi. Ngao ikainuka.

Ilikuwa kama siku za rafu. Mshale wa pili, wa tatu, kushoto, kulia, juu, na kila mmoja ulikuta ngao inausubiri. Ruta iliuliza kama Mkuu wa Nchi amefika, ikajibiwa amefika, na ikafungua njia mbio. Siwema alikuwa akilia na hakujua. Radi alirusha yote aliyokuwa nayo. Siwema alirusha mmoja, katika nafasi aliyoachiwa, na ngome ya jirani ikashuka chini vumbi tupu.

*

Mkupasi aliingia chumbani kujua kilichozima taa. Ukurasa ulikuwa bado uko wazi. Aliusoma: *Mkuu wa Nchi: amefika.* Miguu yake ilijibana yenyewe, mkono ukampanda kichwani kwa saluti. Kisha akamwona Siwema, na mkono ukabaki palepale.

Alielewa yote. Mtu ameketi kwenye kiti. Na mlinzi wa kiti alikuwa nani? Siwema aliuona uso ule ukipauka, ukapiga hesabu, ukapata jibu. Mkupasi aligeuka, akatoka uani, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Waziri, jambo ambalo hakuna aliyepata kulifanya.

"Ndugu wananchi! Mzunguko wa mwisho amecheza Mkuu wa Nchi mwenyewe!"

Waziri alipiga magoti kabla ya kufikiri, na wenye kufikiri wakamfuata. Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Habari zilipofika Ikulu, Mkuu wa Nchi alishangaa kwa muda mfupi, kisha akakumbuka vizuri, hata vidole vilikuwa vikimuuma tangu asubuhi.

Siwema alimpigia mama yake.

"Tumeshinda, mama."

"Nimesikia redioni. Wanasema amecheza Mkuu wa Nchi. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa karibu."

Bi Mboja alicheka kile kicheko chake cha jikoni. "Haidhuru, mwanangu. Nyumba ipo." Usiku ule Siwema alilala usingizi wa mtoto, na ndiyo furaha pekee aliyoipata katika mambo haya yote.

Kwa sababu kabla wiki haijaisha, Mkupasi alifika bondeni na kamba. Bonde, alieleza kwa upole, limepatikana kwa mkono wa Mkuu wa Nchi, si kwa mkono wa mwananchi, na mahali pake hapakaliwi na mtu. Hatakuja, hapana, lakini ni pake. Kamba zilizungushwa kutoka mto mpaka kilima, vitambaa vyeupe vikafungwa kwenye michikichi, na malori yakaletwa. Siwema aliposikia alipanda gari la kwanza, akamkuta mama yake ameketi juu ya godoro lililokunjwa, kuku wake ndani ya tenga.

"Mama, nilishinda," alisema. "Wallahi nilishinda, ilikuwa ni mimi."

"Najua, mama. Nani mwingine angeweza?" Bi Mboja alimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Ungeshindwa, leo tungehamishwa na maadui. Tungelia, tukalaani, watu wakatuonea huruma. Sasa tunahamishwa na ushindi. Hata pa kulilia hatuna."

Askari waliwapandisha. Mshereheshaji yuleyule wa mtaani alisimama juu ya lori la mbele na kipaza sauti, kamera zikamzunguka.

"Washindi wetu hao! Vigelegele, kina mama!"

Kina mama walipiga, vikatoka vichache.

"Bi mkubwa wewe, sikusikii! Umeshinda, mbona umenuna?"

Bi Mboja aliushika mkono wa Siwema, akatazama nyuma ya nyumba, kwenye michikichi iliyofungwa vitambaa, akafumba macho, akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, kikakatika katikati, kikaendelea. Mshereheshaji alikisifu sana, akaomba kirudiwe kwa ajili ya televisheni.